Mtoto wa Darcy Angefanana na Nani

Mwezi Mei 1813, miezi minne tu baada ya Pride and Prejudice kutoka, Jane Austen aliingia kwenye maonyesho ya picha jijini London kuwatafuta watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Riwaya yake ilikuwa imekwisha kwa harusi mbili: Jane Bennet kaolewa na Bingley, mdogo wake Elizabeth kaolewa na Darcy. Mwandishi mwingine angewaacha wapumzike. Yeye alipita akizikagua picha za wanawake zilizotundikwa ukutani, akijiuliza yupi angefaa kuwa Bi Bingley na yupi Bi Darcy. Wa kwanza alimwona, kavaa gauni jeupe lenye mapambo ya kijani. Wa pili alimkosa, na katika barua kwa dada yake Cassandra akamtolea Darcy udhuru: bila shaka anaithamini mno picha ya mkewe hata hataki itazamwe na kila apitaye.

Basi si wasomaji peke yao wanaoshindwa kuwaacha wapenzi wa kwenye vitabu. Mtoto wa kaka yake Austen, James Edward Austen-Leigh, alipochapisha kumbukumbu za shangazi yake mwishoni mwa 1869, alieleza kwamba watoto wa ukoo walikuwa wakimuuliza yaliyowapata wahusika baada ya ukurasa wa mwisho, naye akiwajibu. Kitty Bennet, mdogo wa Elizabeth, aliolewa na mchungaji wa karibu na Pemberley, makao ya Darcy. Mary, mdogo wake mwingine, yule mpenda vitabu na mahubiri, hakupata zaidi ya karani mmoja wa wakili Philips, mume wa ndugu ya mama yake. Habari ndogondogo za namna hiyo, za udaku wa kifamilia. Lakini katika hizo alizozihifadhi mpwa hamna mtoto wa Elizabeth hata mmoja.

Pengo hilo wamelijaza wengine. P. D. James, bingwa wa riwaya za upelelezi, aliporudi Pemberley mwaka 2011 aliwapa Elizabeth na Darcy wavulana wawili, akawaacha ghorofani na yaya wao, kisha akashuka haraka msituni ambako kulikuwa na maiti yake ya kushughulikia. Wasomaji wa kawaida hawana maiti, kwa hiyo hubaki ghorofani muda mrefu zaidi. Huwaza. Mtoto atachukua macho ya mama, maana Darcy aliyapenda macho yale kabla hajampenda mwenyewe. Atachukua kimo cha baba. Ulimi wa mama, ukimya wa baba. Ukimsikiliza msomaji wa riwaya za mapenzi akiipanga familia hii utadhani yuko dukani anachagua vitambaa.

Mimi pia nimo katika mchezo huu, tena si kwa Austen tu. Lakini kadiri ninavyoucheza ndivyo ninavyoshuku kwamba huyo tunayemwaza si mtoto. Ni risiti. Tunataka karatasi ya kuthibitisha kwamba mapenzi yale yalilipiwa yote na hayatarudishwa dukani. Ndiyo maana mtoto wa kuwaziwa hana pua ya kwake mwenyewe. Kila kiungo chake kina mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja wa wale wawili.

Austen, nadhani, aliliona hilo, kwani ndani ya Pride and Prejudice amemtia mimba mwanamke mmoja tu wa rika la Elizabeth, naye ni Charlotte. Charlotte Lucas, rafiki yake, aliyemkubali Collins, jamaa wa kiume wa akina Bennet, bila chembe ya mapenzi kwa sababu alikuwa na miaka 27, hana mali, na alitaka nyumba. Kuelekea mwisho wa kitabu Collins anaandika barua ndefu ya kuudhi, na humo ndani anadokeza kwamba yeye na Charlotte wanatarajia chipukizi la mzeituni. Ukisoma haraka unalipita. Ukisimama hapo, unaona kitu cha ajabu: katika riwaya ya mapenzi inayopendwa kuliko pengine zote za Kiingereza, mtoto anayetarajiwa ni wa ndoa isiyo na mapenzi. Tena huyo, akiwa wa kiume, ndiye atakayerithi Longbourn, nyumba aliyokulia Elizabeth, baada ya Collins, kwa kuwa shamba lile limefungwa kisheria lisiangukie mikononi mwa binti. Msomaji aliyezoea faraidhi ya Kiislamu, ambamo binti ana fungu lake hata likiwa nusu ya la kaka yake, huishangaa sheria hiyo. Lakini ndiyo injini ya kitabu kizima. Mabinti watano, hakuna mvulana, na mama anayetafuta waume kama mtu anayezima moto.

Kwetu ngano nyingi huanzia hapo ambapo riwaya za mapenzi za Ulaya huishia. Paliondokea sultani na mkewe, wakakaa siku nyingi wasijaliwe mtoto. Akaja mganga, akatoa dawa, na dawa ikaja na sharti. Mtoto anazaliwa, na kuanzia hapo hadithi ni yake. Mapenzi ya wazazi hayana nafasi. Hatuambiwi sultani alimpendaje mkewe wala alimposa vipi. Mtoto ndiye anayeondoka nyumbani, anayekutana na zimwi au nyoka, na mwisho ndiye anayeoa, wakaishi raha mustarehe. Kisha kimya, mpaka mtoto wa huyu naye akosekane na mganga aitwe tena. Shahrazadi mwenyewe, katika matoleo ya Alfu Lela Ulela yanayofahamika zaidi, anafika usiku wa mwisho na wana watatu: mmoja anatembea, mmoja anatambaa, mmoja ananyonya. Anawaweka mbele ya mfalme kumwombea uhai wake. Mfalme anamjibu kwamba alikwisha kumsamehe kabla ya watoto hawa kuja. Nimelipenda sikuzote jibu hilo. Shahrazadi alileta risiti, naye anaambiwa haikuhitajika.

Charlotte Brontë, kwa upande wake, aliitaka. Katika sura ya mwisho ya Jane Eyre, ya mwaka 1847, Rochester aliyepofuka motoni amepata nuru kidogo katika jicho moja, na mtoto wa kwanza anapowekwa mikononi mwake anaweza kuona kwamba mvulana amerithi macho yake ya zamani, makubwa na meusi. Ni picha yenye nguvu, na ni risiti kwelikweli. Baba amelipwa macho yake. Huyo mvulana hatumjui jina, hatumjui tabia. Kazi yake ni kuwa na macho. Sijisikii vizuri kumcheka Brontë kwa hilo, kwa sababu najua yaliyomfika. Aliolewa na Arthur Bell Nicholls mwezi Juni 1854, na tarehe 31 Machi 1855 akafariki, mjamzito, akiwa na miaka 38.

Dada yake Emily hakutaka risiti ya mtu. Kila msomaji wa Wuthering Heights anamtamani mtoto wa Catherine na Heathcliff, na mtoto huyo hayupo. Catherine anajifungua binti wa Edgar Linton na kufa baada ya saa mbili. Heathcliff anazaa mvulana mgonjwa na mnung'unikaji na mwanamke anayemdharau. Nusu nzima ya pili ya riwaya ni ya watoto, jambo linalowaudhi wengi hata filamu nyingi zimeikata, kana kwamba mgeni amepitiliza muda wa kuaga. Mimi naona humo ndimo mlimo na akili. Macho ya Catherine, yale ambayo riwaya nyingine ingemkabidhi mtoto wa mapenzi, yamekwenda kwa binti yake na pia kwa Hareton, mtoto wa kaka yake, kijana aliyekuzwa bila kusoma ili baba yake alipizwe kisasi kaburini. Jioni moja Heathcliff anawakuta wawili hao wamekaa na kitabu. Wanainua nyuso, na macho yale yanamtazama kutoka pande mbili. Kisasi kinamwishia mikononi. Lakini vijana wenyewe hawana habari. Kwao ni mzee mkorofi aliyeingia ghafla wakati wao wanasoma.

Katika tamthilia ya wazazi, mtoto hana tiketi. Alichelewa kufika. Ukimwambia kwamba Darcy alikuwa mwanamume wa kuotwa na nusu ya dunia, atakuuliza kama unamzungumzia yule baba asiyetaka kelele mezani.

Mwandishi aliyelisema hili bila kupepesa ni Tolstoy. Natasha wa Vita na Amani ni msichana tuliyemwona akicheza, akiimba, akitaka kuruka kutoka dirishani usiku wa mbalamwezi. Anaolewa na Pierre mwaka 1813. Mwaka 1820, tunapomkuta tena, ana mabinti watatu na mvulana mmoja anayemnyonyesha mwenyewe. Amenenepa. Haimbi. Anatoka chumba cha watoto nywele timtim, na gauni la nyumbani, akiwa ameshika nepi yenye doa la njano badala ya kijani, na uso wake unang'aa kwa furaha kwa sababu doa la njano maana yake mtoto anapata nafuu. Wasomaji hawajamsamehe Tolstoy kwa nepi hiyo. Wengine wanaona amemwadhibu msichana aliyekuwa huru mno. Wana haki kiasi, hasa ukikumbuka kwamba mkewe Sofia, aliyemzalia watoto 13, ndiye aliyekuwa akinakili upya kwa mkono miswada ya riwaya hiyo, tena na tena. Mwanamume aliyeandika sifa za nepi hakuwa ndiye anayezifua.

Hata hivyo naitetea nepi. Katika riwaya zote nilizozitaja, ni mahali pekee ambapo mtoto mchanga ana mwili wake mwenyewe, tumbo lake mwenyewe, ugonjwa wake mwenyewe, bila kukumbusha sura ya mtu. Na katika nyumba hiyohiyo yumo mtoto mwingine, Nikolenka, wa miaka 15, yatima wa Andrei aliyewahi kumchumbia Natasha. Usiku mmoja anajibanza kwenye chumba cha kusomea akimsikiliza Pierre akieleza jinsi serikali ya Urusi inavyooza na jinsi watu waaminifu wanavyopaswa kushikana. Kwa jazba anavunjavunja kalamu na nta za mjomba wake bila kujua. Akilala anaota majeshi na baba yake, anaamka akiapa kufanya jambo ambalo hata baba angeliridhia. Hadithi inaishia hapo. Zinazofuata ni kurasa za falsafa ya historia. Lakini msomaji wa Kirusi alijua kwamba Desemba 1825 maofisa waliomwasi mfalme walipigwa mizinga uwanjani, na mwaka huo Nikolenka angekuwa na miaka 20. Mapenzi ya Andrei na Natasha kwake si kitu. Yeye ana miadi na mambo mengine.

Hollywood hufanya kinyume. Scarlett O'Hara wa Gone with the Wind, riwaya ya mwaka 1936, ana watoto watatu kwa waume watatu: Wade mwoga, Ella asiyevutia, na Bonnie wa Rhett. Filamu ya 1939 iliwafuta wawili wa kwanza kabisa, kana kwamba hawakuzaliwa, ikambakiza Bonnie peke yake kwa kuwa ndiye mtoto wa penzi linalotuhusu. Kisha, kama kitabuni, ikamwangusha kutoka kwenye farasi wake mdogo. Wade na Ella wangeniambia mengi zaidi kuhusu Scarlett kuliko Bonnie. Mtoto anayemwogopa mama yake anajua kitu ambacho Rhett hajakijua.

Riwaya za mapenzi za siku hizi zimeuelewa uroho wetu na kuuwekea utaratibu. Mtoto huja kwenye sura ya nyongeza, mara nyingi mwaka mmoja au miwili baada ya harusi, tumbo la mama likiwa tayari limeanza kuonekana. Julia Quinn amefanya jambo la busara kidogo katika The Duke and I ya mwaka 2000: shujaa wake, Simon, ameapa asizae kamwe ili kumkomoa baba aliyemkana utotoni kwa sababu ya kigugumizi. Hapo swali la mtoto linauma kwelikweli. Kisha linatatuliwa, na watoto wanafuatana kwa alfabeti, Amelia, Belinda, Caroline, David, kama ilivyokuwa kwa mama yao na ndugu zake, na uchungu unayeyuka katika orodha. Ningependa kumsikia David anavyotamka maneno yake ya kwanza, na jinsi Simon anavyosubiri kila silabi bila kupumua. Hiyo ndiyo sura ambayo ningeinunua.

Turudi Pemberley, kwa sababu huko ndiko ninakokaa ninapokosa usingizi. Nikiacha kuchagua vitambaa na kuuliza maswali ya kawaida ya kifamilia, nyumba inabadilika sura. Jina kwanza. Darcy mwenyewe anaitwa Fitzwilliam, ambalo ni jina la ukoo wa mama yake. Kwa desturi hiyohiyo kifungua mimba angeweza kuitwa Bennet Darcy, na Lady Catherine, ndugu wa mama yake Darcy, aliyekwenda Longbourn kwa gari la farasi wanne kumwambia Elizabeth asiichafue Pemberley, angelazimika kulitamka jina hilo kila Krismasi. Tukumbuke pia kwamba Lady Catherine alikuwa mpangaji wa vichanga kabla yetu: yeye na mama yake Darcy waliwachumbia watoto wao wangali susuni. Sisi na yeye tuna mchezo mmoja, ila yeye alikuwa na fedha za kuulazimisha.

Halafu malezi. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na hawa wawili walilelewa ovyo. Darcy anakiri mwenyewe kwamba wazazi wake, ingawa walikuwa watu wema, walimwachia kiburi na kujipenda kwa kuwa alikuwa mwana wa kiume pekee. Elizabeth alikuwa kipenzi cha baba, na baba huyo alijifungia na vitabu vyake akiwacheka mabinti wengine badala ya kuwafunza, mpaka mdogo wao Lydia akatoroka na mlaghai Wickham. Je, Elizabeth hatakuwa na kipenzi chake? Akizaa watoto wanne, watatu wajanja na mmoja mzito kama Mary, atamfanyaje huyo mzito? Mimi naamini atamfanyia mzaha mezani, mzaha mtamu, wote watacheka, na huyo mtoto ataukumbuka akiwa na miaka 50. Na Darcy akipata binti hatalala vizuri. Georgiana, dada yake, mwenye pauni 30,000 za urithi, alikuwa na miaka 15 tu Wickham alipokaribia kumtorosha kutoka Ramsgate.

Mwana wa pili ndiye anayenivutia zaidi. Pemberley haigawanywi. Kanali Fitzwilliam, binamu yake Darcy, alishamweleza Elizabeth hali ilivyo: wana wa pili wa watu wakubwa hawawezi kuoa bila kutazama fedha. Kijana huyo basi atakuwa mchungaji, mwanajeshi, au baharia. Kaka wawili wa Austen walikuwa maofisa wa jeshi la majini, na mmoja wao, Charles, alifia Burma mwaka 1852. Mwana wa Darcy aliyezaliwa miaka ya 1810 na kuingia baharini angali mvulana, kama walivyofanya wengi, angeweza kabisa kutia nanga Unguja enzi za Sayyid Said. Kama angewahi kidogo, angemkuta Kapteni Owen Mombasa, ambaye mwaka 1824 aliwapandishia Mazrui bendera ya Uingereza na kumwacha Luteni Reitz kutawala. Homa ikamuua Reitz mwaka huohuo, na jina lake limebaki pale Port Reitz. Homa isingemuuliza kijana kama mama yake alikuwa na macho mazuri. Wakati huo hapohapo Derbyshire, jimbo la Pemberley, viwanda vya pamba vilikuwa vikinguruma tangu Arkwright alipojenga chake Cromford mwaka 1771, na pamba nyingi iliyokuwa ikifika Uingereza ililimwa na watumwa Marekani. Ukimruhusu mtoto azaliwe, hayo yote yanaingia naye mlangoni.

Na nani atakayemsimulia jinsi wazazi wake walivyokutana? Si Darcy, huyo hasemi. Elizabeth ataifupisha na kuitia mzaha. Atakayeisimulia yote, kila anapokuja kukaa miezi miwili bila kualikwa, ni bibi yake, Bi Bennet. Katika simulizi lake shujaa atakuwa Bi Bennet. Yeye ndiye aliyemnyima Jane gari akampandisha farasi kwenda Netherfield, nyumbani kwa Bingley, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na mvua ingemlazimisha alale huko. Jane akalowa, akaugua, na Elizabeth akatembea maili tatu za matope kwenda kumuuguza, akaingia sebuleni mashavu yamewaka na sketi imetapakaa tope, na Darcy akamtazama.

Hatakuwa anadanganya sana. Bila hila ile ya mvua sijui kama tungekuwa na riwaya.

"Sasa Bibi," mtoto atauliza, "kwa nini mama naye hakupanda farasi?"

"Walikuwa shambani, mjukuu wangu. Na mama yako hajui kupanda farasi vizuri mpaka leo."

"Yule aliyepandwa na mama mkubwa Jane alikuwa wa rangi gani?"

Bi Bennet hatakumbuka, na mtoto ataona kwamba hadithi nzima haina maana.